Debe la Asali Kutoka Kanyenye Hadi Cheyo

Niliporudi kutoka Ulaya na diploma yangu ya uhandisi wa maji, wizara iliniachia nichague mwenyewe kituo cha kazi: Dar es Salaam, makao makuu, au Tabora, mjini kwetu. Nilipewa mwezi mmoja wa kujibu. Si kila kijana alipewa nafasi hiyo, na mimi sikubebwa na mtu. Baba yangu alikuwa seremala wa mtaa wa Cheyo, hapohapo Tabora. Alifariki nikiwa darasa la sita, na daftari zangu nilizinunua kwa kuuza karanga stesheni, dirisha kwa dirisha, treni za Kigoma na za Mwanza.

Moyo wangu ulikuwa Tabora. Kikwazo kilikuwa mke wangu. Yeye ni Mzaramo, muuguzi, mzaliwa wa Dar, na tulikuwa tumeoana miezi miwili tu.

"Tabora?" aliniuliza. "Kwenye mbung'o?"

Watu wa bara walikuwa wakija Dar kutembea, wapige picha bandarini wakajisifie makwao. Nikamwambia sisi twende kinyume chao. Tupande treni, tukae Tabora wiki mbili. Akiipenda, nitaandika Tabora. Asipoipenda, nitaandika Dar na hatanisikia nikinung'unika. Akakubali.

Kabla ya safari nikamwandikia mama, na hapo ndipo nilipokosea. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu hadi pwani na kupumzika kwao. Mtani akiingia kwetu hapumui. Atanyang'anywa kofia, ataitwa mtumwa, atatukanwa yeye na babu zake, na ole wake akinuna. Lakini miaka minne Ulaya ilinifanya nione mambo hayo ni ya kishamba. Nikaandika: "Mke wangu ni mtu wa mjini. Waambie ndugu na majirani wote, asitaniwe."

Mji wenyewe haukuniangusha. Tulishuka asubuhi kwenye stesheni ambayo hata yeye aliigeukia mara mbili. Nilimwonyesha mahali reli inapogawanyika, moja kwenda ziwa hili na nyingine ziwa lile. Nilimtembeza barabara pana zilizonyooka, taa za umeme, uwanja wa ndege, shule ambazo vijana wa nchi nzima walikuwa wakizililia. Nilimpeleka bwawani Igombe nikamweleza maji yanavyosafiri mpaka kwenye bomba la mama yangu. Hakuna mwenyeji aliyeweza kumweleza vizuri kuliko mimi. Nilimpeleka pia kwenye njia ya zamani ya misafara, na palepale, kandokando yake, kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kikichimba msingi wa zahanati. "Watahitaji wauguzi," nikasema. Akaitikia kwa kichwa tu.

Nyumbani kila mtu alimwamkia kwa adabu. Wifi zake walimpa kiti, wakampa chakula cha peke yake, wakanyamaza. Majirani walipita wakiangalia chini. Siku ya tisa aliniambia, "Mji wenu mzuri sana. Ila watu wako hawanipendi." Kesho yake akaniomba nimpeleke sokoni anunue debe la asali la kuwapelekea wazazi wake. Nikaelewa kwamba ameshaanza kufunga safari, na kwamba jibu langu kwa wizara litakuwa Dar.

Tulinunua debe, kisha tukapita mtaa wa Kanyenye kuchukua gauni lake, ambalo wifi yake alilipeleka kushonwa, kwa fundi cherehani, mzee wa makamo aliyevaa kanzu na futi ya kupimia shingoni. Nililiweka debe mlangoni. Mke wangu akasema neno moja au mawili tu kwa lafudhi yake ya pwani, na fundi akasimamisha cherehani.

"Mwenyeji wa wapi wewe, mama?"

"Dar. Mzaramo."

Fundi akaruka, akaunyakua mkoba wa mke wangu, akaukalia. "Alhamdulillahi! Mali yangu imekuja kwa miguu yake! Mtumwa wangu, huko kwenu ngoma zimeisha? Au mihogo ndiyo imewashinda kulima?"

Damu ikanipanda. "Mzee, rudisha mkoba huo! Nitakupeleka polisi. Unajua mimi ni nani?"

"Najua," akasema. "Mtoto wa seremala wa Cheyo. Kaptula yako ilipasuka matako nikaishona hapahapa, umeinama."

Duka zima likaangua kicheko. Nikamgeukia mke wangu nimwombe radhi. Nikamkuta ameshika kiuno, macho yanawaka namna ambayo sikuwahi kuyaona tangu tushuke treni.

"Kumbe mpo!" akamwambia fundi. "Siku kumi namtafuta mpagazi mmoja wa kumtukana simpati! Babu yako alifika kwetu na pembe kichwani, tukampa kaniki, akaifunga kichwani vilevile maana kiunoni hakujua inavyokaa!"

Fundi alicheka mpaka akafuta machozi kwa gauni la watu. "Sasa mbona umekaa kimya siku zote hizo?"

Nikalazimika kusema ukweli kuhusu barua. Mke wangu akanigeukia.

"Ulinikataza kwa watani wangu?"

"Huyu ana kosa," fundi akasema. "Mtani, mtoze faini."

Hakufikiri hata kidogo. Alivua khanga ya begani, akaisokota ngata, akaniwekea kichwani. Fundi na jirani yake wakainua debe la asali wakanitwika, mimi na suti yangu ya Ulaya.

Nililibeba kutoka Kanyenye hadi Cheyo bila kulitua hata mara moja, na sijui mhandisi mwingine aliyeweza. Yeye alifuata nyuma akitangaza, "Mpagazi wangu huyo! Ana diploma!" Watu walitoka milangoni. Wale wale waliokuwa wakiangalia chini sasa walimtukana kwa sauti, na yeye akaijibu kila nyumba. Tulipofika nyumbani shingo yangu ilikuwa imekakamaa.

"Shikamoo mama," alimwambia mama yangu. "Nimekuletea mzigo na mbebaji wake."

"Marahaba, mkwe wangu," mama akasema, akiwa ameshika mdomo. "Nilisema tangu mwanzo barua ya huyu haina akili."

Wifi zake walikuja mbio na mabakuli. Mke wangu akachukua kisu, akaanza kubandua mfuniko.

"Hiyo si ya wazazi wako Dar?" nikauliza.

"Watakuja kuila hukuhuku," akasema, akalamba kisu. "Kaandike barua yako ya wizara. Na safari hii nitaisoma kabla hujaituma."