Siku Nilipomkalia Mama Mkwe Mapajani

Jamani, mama mkwe anaamkiwa kwa kuinama, anapelekewa maji ya kunawa, na ukikutana naye kwenye korido ya nyumba unarudi kinyumenyume mpaka apite. Hakaliwi mapajani. Mimi nimemkalia, siku ya Jumapili, mbele ya kanisa zima, nikiwa nimevaa suti niliyofungia ndoa na binti yake, na nawaomba msicheke kwanza kwa sababu bado hata sijaanza.

Mnanijua mimi ni mtu wa kazi na nyumbani. Kazi yangu ni kwenye nyumba ya kulea wazee kule Campbelltown, tunakaa Macquarie Fields, na kabla ya kuletwa Australia nilikuwa bodaboda Kasulu, kwa hiyo pikipiki nazijua kuliko ninavyojua ndugu zangu (hivyo ndivyo nilivyokuwa najidanganya). Lakini hii niliyonunua siyo ya kubeba abiria. Ni ile ya mchezo wa kupita juu ya mawe na magogo polepole bila kuweka mguu chini, nyembamba, nyepesi, haina kiti kabisa, unaiendesha umesimama. Siku naishusha kwenye trela, binti yangu Belyse aliizunguka akaitazama, halafu akaniambia, "Dad, they forgot the seat." Acha aseme. Mimi nilikuwa nimeshazijaribu za watu wa klabu ya mchezo huo, na nilikuwa nimeshapenda. Unatoka kazini mgongo umekatika kwa kuinua watu, unakwenda porini, unapanda gogo moja taratibu mpaka upande wa pili bila kugusa chini, na moyo unatulia kabisa. Sijui niwaelezeje, huwa narudi nyumbani nikiwa mtu mwema.

Shida ilikuwa mama mkwe. Tunaishi naye, na pikipiki anazichukia tangu kule kwetu, kwa sababu nyumba yao ilikuwa karibu na barabara na ameshaona watu wengi mno wakiokotwa. Alipoiona yangu aliguna tu akaingia ndani, na mguno wa mama mkwe mimi nauogopa kuliko matusi. Jioni hiyo mke wangu Konsolata akanikalisha.

"Baba Belyse, mimi sitagombana na mama kwa ajili ya chuma," akasema. "Jumapili tuipeleke kanisani iombewe, na mama awepo. Akiikubali, ibaki. Akiikataa, yule jamaa wa klabu yako anayeitaka aje aichukue Jumatatu."

Nikakubali, ningesemaje? Kwanza sisi kila kitu kipya tunakiombea, nyumba, gari, mpaka mashine ya kufulia. Na chombo cha moto kina utaratibu wake: kinaombewa kikiwa kinanguruma na mwenyewe ameshika usukani, maana mchungaji wetu anasema yeye haombei chuma kilicholala.

Basi wiki ile yote nikawa naizoesha injini nyuma ya nyumba. Injini mpya haitaki haraka. Unaiwasha, inapata moto, unazunguka nayo kidogo kwa upole, unazima, unaiacha ipoe kabisa, halafu unaanza upya. Klachi nikairekebisha niivute kwa kidole kimoja tu, kama wenyewe wa mchezo wanavyotaka. Graham, mzee wa klabu ambaye zamani alikuwa mwalimu, aliniambia jambo moja kwa msisitizo: silensa, yaani ule mngurumo wa injini ukiwa hujavuta mafuta, niiache chini vilevile. Itazimikazimika siku za mwanzo, akasema, ni kawaida, nisiiguse mpaka injini ilainike. Nikamtii. Nilikuwa nakaa juu ya ndoo na kikombe changu cha chai nikiisubiri ipoe, nasikia chuma kinalia tik, tik, jirani anachoma nyama yake, na kwa kweli zilikuwa jioni tamu sana.

Jumamosi nikafanya mazoezi ya kuombewa (ndiyo, nilifanya mazoezi, sasa?). Nikaiwasha, nikaishika, nikafumba macho, ikazimika. Nikaiwasha tena, nikafumba macho, ikazimika. Kufumbua macho namwona mama mkwe dirishani ananitazama, uso hauna habari. Hapo ndipo nikaingiwa na woga. Nikawaza, kesho ikizimika mchungaji akiwa katikati ya maombi, huyu mama atasema Mungu mwenyewe ameikataa, na hapo hata Konsolata atakuwa hana la kunitetea. Nikachukua bisibisi, nikaikaza ile skrubu ya silensa kidogo. Ikanguruma vizuri. Nikaikaza kidogo tena, kwa usalama. Usalama, eti!

Jumapili ibada ikaisha, watu wakatoka kwenye ule ukumbi tunaoukodi, wakajipanga nje sehemu ya kuegesha magari. Akina mama walikuwa wameshapanga chakula kwenye meza kando, ndizi, maharage, sambusa, na sufuria kubwa ya sombe aliyoipika mama mkwe mwenyewe kwa majani ya muhogo ya kugandishwa tunayoyafuata mpaka Cabramatta. Yeye akawekewa kiti cha plastiki mbele kabisa, mahali pa heshima, kitenge chake kipya kimekaa vizuri, mikono mapajani. Nikaishusha pikipiki, nikajifunga mkononi ile kamba ya kuzimia injini mtu akianguka, nikaiwasha, nikaja nayo mdogo mdogo mpaka mbele ya watu. Nikasimama nimeitanua miguu huku na huku, nikaanza kuitafuta nyutro. Haipatikani. Gia mpya ni ngumu, ukisukuma juu inapita, ukisukuma chini inapita, na mchungaji ameshanyanyua mkono, na mimi sikutaka kuonekana mbele ya mama mkwe kama mtu asiyejua kitu chake. Nikaiacha kwenye gia namba moja, klachi nimeivuta kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Nikajiambia, hata hivyo maombi yenyewe ni mafupi. (Mchungaji yule nimesali naye miaka, sijui wazo hilo nililitoa wapi.)

Akaanza na uumbaji. Akaja kwa wana wa Israeli na safari zao. Akazifikia barabara za Sydney, akaziombea moja moja. Kidole kikaanza kuuma, moshi wa oili umetanda, injini inapiga kelele kama inabishana naye, na yeye ndiyo anapandisha sauti ili aishinde. Nikachungulia kwa jicho moja nikamwona mama mkwe amefumba macho na midomo inatembea, anaomba! Anaiombea pikipiki yangu! Furaha ikanijaa, nikafumba macho yangu yote mawili nikasema asante Yesu, nimeshinda.

"Kanisa!" mchungaji akapaza sauti. "Inueni mikono yenu juu, tumpe Bwana sifa!"

Jamani, mimi nimeinua mikono kanisani tangu nikiwa mtoto wa Sunday school kwenye kambi ya wakimbizi. Mchungaji akisema inueni, mikono yangu hainiulizi. Ilikwenda juu yote miwili, na kile kidole cha klachi nacho.

Sasa nisikilizeni. Kama ningeiacha silensa chini kama Graham alivyosema, injini ingekohoa ikazimika pale pale na hadithi ingeishia hapo. Lakini ilikuwa imekazwa, kwa usalama. Pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, gurudumu la mbele juu, na mimi nikaning'inia kwa mkono mmoja nilioudakisha tena kwenye usukani, suti inapepea, viatu vya ibada vinaburuzwa, tunaelekea mahali pa heshima. Kisha usukani ukageuka, pikipiki ikakata kuelekea meza ya chakula, na mimi nikaendelea moja kwa moja. Kamba ikachomoka, injini ikazima. Kwenye ule ukimya nikatua kitako mapajani kwa mama mkwe, miguu ya kile kiti cha plastiki ikatawanyika kila mmoja na njia yake, tukashuka wote wawili mpaka chini.

"Na kila adui wa chombo hiki," mchungaji akamalizia, macho bado ameyafumba, "aanguke!"

"Amina!" kanisa likajibu.

Kuna mama mmoja nyuma alisikia kishindo akapiga vigelegele, "Roho amemshukia!" Halafu macho yakaanza kufumbuliwa, moja moja, na vigelegele vikafia njiani. Gurudumu la mbele lilikuwa ndani ya sufuria ya sombe. Belyse alikuwa ameziba uso kwa mikono. Konsolata hakuziba, alikuwa ananitazama tu, na mimi bado nimekaa. Nikageuza shingo. Uso wa mama mkwe ulikuwa hapa, karibu kuliko ulivyowahi kuwa tangu nimuoe binti yake. Kichwa kikawa cheupe kabisa, ikabaki adabu peke yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu. Akavuta pumzi. "Umeumia, mkwe?"

"Hapana, mama."

"Basi ondoka."

Nikaondoka. Alikuwa mzima, namshukuru Mungu, hana hata mchubuko, ila kitenge kimeingia vumbi. Aibu yangu sasa haikuwa na pa kuiweka. Chakula kilichosalia kililiwa, watu walinipigapiga begani wakiuma midomo, mmoja akaniomba nirudie ili arekodi. Usiku nilimtumia jamaa wa klabu ujumbe kwamba kesho aje na trela.

Asubuhi nilikuwa nje natoa sombe kwenye spoki kwa mswaki, nikiiaga, na siwafichi, machozi yalikuwa karibu. Nikasikia naitwa jikoni. Nikaingia nimeinama, nikasimama mbali, karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa amekaa mezani na simu mbele yake, Konsolata anamimina chai.

"Jana," mama mkwe akaanza, "ile pikipiki ilikuwa inanijia mimi. Nilifumbua macho nikaiona. Ukaigeuza. Ukaitupa kwenye sombe, ukachagua wewe mwenyewe kupata aibu kuliko mimi kugongwa."

Nikamtazama Konsolata. Konsolata akaitazama chai.

"Mama," nikasema, maana mbele yake kudanganya siwezi, "kusema ukweli sijui kama niligeuza mimi. Nadhani ule usukani uligeuka wen..."

"Nyamaza." Akaigonga simu kwa kidole. "Nimeshawapigia wa Kasulu, nimewapigia wa Bujumbura, na dada yangu wa Brisbane nimemwamsha. Wote nimewaambia mkwe wangu aliniokoa. Uligeuza."

"Ndiyo, mama. Niligeuza."

"Na huyo mtu wa trela mwambie asije. Pikipiki ikiondoka leo, watasema ulinikalia bure."

Konsolata ndiye aliyeanza kucheka, chai ikamwagika, halafu mama mkwe naye akacheka, kicheko cha tumbo ambacho sikuwahi kumsikia nacho, na mimi pale mlangoni sikujua kama mkwe anaruhusiwa kucheka, nikacheka tu.

Skrubu nimeirudisha chini. Siku hizi inazimikazimika, naiwasha tena, sina haraka, na mama mkwe anapopita na nguo za kuanika huwa ananiuliza imeamkaje. Kuhusu maombi, bado naamini, na chombo kingine tukinunua kitaombewa. Lakini nimeapa: siku hiyo injini itakuwa imezimwa, mchungaji akasirike akitaka, na kiti cha mama mkwe nitakiweka mimi mwenyewe, nyuma yangu.