Ukili Usiojirudia

Mke mwenzangu alianza kusuka ukili ule kwa sababu ya mzaha. Mume wetu alikuwa amerudi kutoka mtoni na kambale wawili. Alikula akashiba, akajinyoosha juu ya mkeka mpya, akasema, "Nyie wanawake wa bonde hili na mikeka yenu! Mtu akiona kiganja kimoja ameona mkeka mzima."

Mimi nilicheka. Mke mwenzangu hakucheka. Nilimwita dada, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa na ndiye aliyenipokea nilipoolewa. Alimtazama mume wetu mpaka mume akajikohoza, kisha dada akamwambia, "Basi nitakusukia mmoja usioweza kuuona mzima."

Tulikaa Ifakara, upande ambao leo ni Kibaoni, na wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa wakitutawala. Asiyejua kusuka aelewe kwamba mkeka hausukwi ukiwa mzima. Husukwa kwanza ukanda mrefu wa ukindu, upana wa kiganja, nao ndio ukili. Ukili huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo mpaka uwe kama pipa, kisha pipa hukatwa upande mmoja likafunguka. Nakshi ya ukili hujirudia, na ikishalazwa ubavu kwa ubavu hujipanga mistari yenyewe. Ndiyo maana mume wetu alikuwa na haki ya kucheka.

Ukili wa dada ulikuwa na rangi mbili tu, weusi wa tope la bwawani na weupe wa ukindu wenyewe. Jino jeusi, jino jeupe, kila jino mkunjo mmoja wa ukindu. Mimi nina tabia ya kutazama vitu mpaka nijue jinsi vinavyokwenda, kwa hiyo nilikaa kando yake nikitafuta mahali nakshi inapoanza upya. Niliona jeusi, meupe mawili, jeusi, nikasema sasa itarudi. Haikurudi. Mara nyingine ilielekea kurudi, kisha ikageuka.

Kiangazi kilipokolea, bunda la ukili lilikuwa limejaa pembeni ya nyumba kama ngoma kubwa, na hata kiganja kimoja kilikuwa bado hakijashonwa. Dada aliacha kupika kwa zamu. Nywele zake hazikusukwa. Alikwenda peke yake mtoni kuloweka ukindu, akirudi amelowa mpaka kichwani.

Hapo ndipo mashaka yaliponiingia. Ulikuwa wakati wa vita vya Maji Maji. Dawa, maji ya kumwagiwa mwilini ili risasi zisidhuru, ilitembea kwa minong'ono, kutoka jikoni hadi jikoni, na askari wa boma walitembea nyuma yake. Aliyekutwa na kibuyu cha dawa, au aliyetajwa tu, alifungwa kamba shingoni akapelekwa Mahenge. Wengine hatukuwaona tena. Na hapa kwetu mwanamke alikuwa akirudi kutoka mtoni amelowa kichwa, huku anasuka kitu kisichofanana na nakshi yoyote. Nilijiambia kwamba nakshi hujirudia, lakini maneno hayajirudii. Basi ule ulikuwa usemi, na kulikuwa na mtu mahali fulani aliyeujua.

Siku moja akaja mwanamke kutoka kijiji cha Kisawasawa, akidai anatafuta chumvi. Aliupapasa ukili ule jino kwa jino, midomo ikimchezacheza, halafu akaondoka bila kuikumbuka chumvi yake.

Nilimkabili dada. "Dada, nani anausoma huu?"

"Kusoma nini?"

"Mimi si mtoto. Unamwambia nani, na unamwambia nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akanivuta mkono, akanikalisha chini. "Tazama. Jeusi, jeupe. Sasa fuatisha kinyume chake: jeupe, jeusi. Umepata manne. Sasa kinyume cha hayo manne. Umepata manane. Kinyume cha hayo manane. Unaendelea hivyo hivyo. Hautarudi kamwe."

"Na mwisho wake?"

"Hilo ndilo linaloniua, mdogo wangu. Kila nikimaliza, nakuta nimefika nusu."

Nilisogea mpaka mwanzo wa ukili nikaupima kwa macho. Ilikuwa hivyo kweli. Hata hivyo mashaka hayakuniisha. Anayeficha neno kwa nini asitumie njia iliyo rahisi kukumbuka? Na kichwa chake kilichokuwa kikilowa je? Nilipomuuliza alisema jua ni kali.

Askari walikuja asubuhi, wawili, mume wetu akiwa anatengeneza mtego wa samaki uani. Sijui nani aliyewaelekeza. Hawakupekua vibuyu wala vyungu. Mmoja, mrefu, mwenye kovu kidevuni, alikwenda moja kwa moja kwenye bunda.

"Mama yangu alikuwa msukaji," alisema. "Nimelala juu ya nakshi tangu nizaliwe. Nakshi hutoka na kurudi kama mbuzi wa nyumbani. Hii inakwenda tu. Inasema nini? Na ukili huu ni wa nani?"

Niliona alikuwa amefika pale pale nilipofika mimi. Niliona pia kamba begani mwa mwenzake. Kabla dada hajafungua kinywa nikasema, "Wangu, bwana."

"Wako?"

"Ndiyo kwanza najifunza kusuka. Nakosea, naendelea, nikidhani utanyooka mbele. Makosa hayajirudii, bwana. Kila siku nakosea kosa jipya."

Askari wa pili akaangua kicheko. "Masikini mumewe! Huyu akisuka ungo, mchele wote utapitia chini!"

Mume wetu naye akacheka, kicheko kikavu. Yule mwenye kovu hakucheka. Alimgeukia dada. "Wewe ndiye mkubwa hapa. Unajua kusuka?"

"Huyo bonde zima linamjua," alisema mume wetu.

"Sikukuuliza wewe." Akavuta ukili, akaukunjua, akaukunjua zaidi, akaweka kidole. "Mama, hapa. Hapa pamekosewa, au pamekusudiwa?"

Dada aliinama akatazama. Nilimjua. Mtu huyu alikuwa ameacha kulala na kula kwa ajili ya ukili ule, na sasa alitakiwa kuuita uharibifu mbele ya mumewe aliyemcheka. Kama angesema pamekusudiwa, kamba ilikuwa tayari. Nilimwona akirudi nyuma kwa jicho, jino kwa jino, midomo ikimchezacheza kama ya yule mwanamke wa Kisawasawa. Alikaa hivyo muda mrefu mno kwa mtu mwenye neno moja tu la kusema.

"Kosa," alisema.

"Basi mfundishe mwenzio," alisema yule askari, akalisukuma bunda kwa mguu. Walichukua kuku wetu mmoja wakaondoka.

Nilitaka kulia kwa furaha. Nilidhani amelimeza neno lile chungu ili abaki nasi. Lakini dada hakunishukuru wala hakunilaumu. Alikaa pale pale alipoweka kidole yule askari, akahesabu tangu mwanzo, na jua lilipofika utosini akaniita.

"Pale kweli nilikosea," alisema. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Niliweka jeusi mahali pa jeupe. Na yote yaliyofuata yamelibeba kosa hilo, kinyume chake, na kinyume cha kinyume chake."

Nilitazama. Sikuona kosa. Labda lilikuwepo.

Akaanza kufumua. Ukindu ulimrudia mikononi umejikunja kama nywele, na akanipa ncha niishike.

"Dada," nikamwambia, "kama pale pangekuwa sawa, ungemjibu nini?"

"Shika vizuri, mdogo wangu," alisema. "Usije ukaniachia."