Kichwa Kilichokataa Posa

Jamani, mkinicheka sitawalaumu, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka ile Ijumaa ya Kinole natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilianza Jumatano hapa kwangu Mafiga, homa ikanishika, natetemeka hadi meno yanagongana, nikasema kesho asubuhi naenda kupima. Kesho yake nikaamka mzima kabisa, nikala wali maharage nikaongeza, nikasema ah, kumbe uchovu tu (na kituo cha afya kipo jirani, uvivu wangu tu!). Ijumaa nilikuwa nimepanga kwenda kumposa Asha, sasa mtu mzima anaahirisha posa kwa lipi? Nikavaa kanzu, tukapanda pikipiki mimi na mshenga wangu, kaka Shabani, tukaupandisha mlima hadi Kinole, kwa kina Asha.

Tukapokewa vizuri, shikamoo, marahaba, mkeka, kahawa. Kwa Waluguru mwenye neno ni mjomba, na mjomba wa Asha hakutaka maneno ya mshenga. Akamnyamazisha Shabani, akanigeukia mimi.

"Kijana, tunataka tusikie kwako mwenyewe. Binti yetu unamtaka?"

Homa ikaingia palepale! Sijui ilitokea wapi. Baridi ikanipanda toka kwenye nyayo, taya zikakaza, na kichwa kikaanza kutikisika, kushoto kulia, kushoto kulia, mimi nataka kusema ndiyo, kichwa kinasema hapana! Mjomba akauliza tena, ndiyo kwanza kikazidi. Shabani ananifinya, "We, umerogwa?", nami sielewi nani kauliza nini, naona wajomba wawili. Mara pazia la chumbani likafunguka, Asha huyo anatoka mbio analia, nikainuka nimfuate, nikaangukia birika la kahawa.

Wakanibeba hadi zahanati. Nesi akanitoboa kidole, akapima, malaria. Mjomba hakuridhika hata kidogo.

"Malaria gani hiyo? Mwenzake anasema jana alikuwa mzima!"

"Ndivyo ilivyo, mzee," nesi akamwambia. "Vimelea vinaingia ndani ya chembechembe nyekundu za damu, vinajificha humo, vinakula, vinazaliana, mgonjwa anajiona amepona. Vikishajaa, chembe zinapasuka, vinamwagika kwenye damu kwa wingi, ndiyo hiyo homa na kutetemeka. Halafu vinavamia chembe nyingine, mtu anatulia tena."

Mjomba akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona. "Yaani vilikuwa vinapasuka pale barazani kwangu?"

"Palepale, mzee."

Asha alikuwa mlangoni, macho yamemvimba. "Sasa mimi nishike lipi?" akaniuliza. "Kichwa chako au maneno ya nesi?"

Nikaona nikikosea hapa nimemkosa. Nikakishika kichwa kwa mikono miwili, nikakibana kisiniponze tena, nikapiga kelele, "Nakutaka, Asha!" Watoto wachanga kwenye benchi wakaamka wakilia, mama zao wanacheka, na Asha naye, machozi hayajakauka, akacheka.

"Haya, tumesikia," mjomba akasema. "Meza dawa uimalize yote, halafu posa uilete upya."

Nimeapa, homa ikinigusa tu napima siku hiyohiyo, hata kama imeshaniachia. Vijidudu nisivyoviona haviwezi kunijibia ukweni mara ya pili.