Matela juu ya jipu

Mimi, hakuna kitu ingeweza kunishangaza tena. Mutu aliyeacha masomo mwaka wa ine wa primeri, akabeba mizigo ya watu pale Mubi kwa mugongo wake, leo ana malori mawili na nyumba ya mabati mapya huku Kirotshe, utamushangaza na nini? Wenye madiploma wanakuja kuniomba lifti. Nawapa. Nawapandisha nyuma, pamoja na makaa.

Kwa hiyo bibi yangu aliposema anataka tuzunguke lile ziwa la kule milimani, mbele ya Kirolirwe kwao, sikushangaa. Niliuliza tu, "Tunaenda kuuza nini?"

"Hatuuzi kitu. Tangu unioe, hujanipeleka mahali bila muzigo wa mutu. Nataka safari moja tu, mimi na wewe."

Basi nikapanga. Kupanga njo kipaji changu, Mungu alinipa badala ya diploma. Tutapanda asubuhi, tulale kando ya maji, tuzunguke, turudi. Nikanunua matela mupya, godoro la kufunga juu ya gari yangu ya jipu, maana mutu wa cheo changu halali kwenye kiti. Na nikaweka sheria moja, ya akili sana: hatuingii kwa mutu. Anayejua njia ya Masisi atanielewa. Ukiingia nyumba moja wanakukamatia kuku, na kabla kuku haijaiva, nyumba ya pili imeshasikia kama uko pale. Siku inaisha na ziwa hujaliona hata rangi.

Nikapigia shemeji yangu simu, kaka ya bibi, anayechunga ng'ombe za baba yao kule Kirolirwe. Nikamueleza wazi, kama mukubwa: "Juma hii nitapita hapo na dada yako. Tuko na matela. Musipike, hatutaingia."

Akanyamaza. Nikafikiri rezo ya simu imekatika.

"Papa anajua?" akauliza mwishoni.

"Mujulishe." Nikakata, nimejifurahia sana.

Mimi ni mutu wa Walikale, wa porini. Kwetu matela ni matela. Kumbe kwa wakwe zangu, mwanaume akipandisha bibi na matela, akapita mbele ya lupango, kiwanja cha mukwe, bila kuingia, habari ni moja tu: ndoa imekufa, anamurudisha kwao. Miaka yote hiyo nimemuoa, hakuna aliyenieleza. Labda walifundisha mwaka wa tano.

Kesho yake gari ya maziwa ikasimama kwangu. Akashuka papa mukwe na fimbo yake, shangazi ya bibi yangu na shemeji. Nikaleta viti, wakakataa. Nikaleta Fanta, wakaangalia pembeni. Mukwe akikataa kiti chako, heri angekupiga.

"Ng'ombe zako tumezitenga na zetu," akasema papa mukwe. "Zimefungwa. Ukipita, uzichukue. Sisi hatuko wezi."

"Ng'ombe gani, papa?"

"Za mahari. Ao unataka na zile zimezaliwa?"

Shangazi akamugeukia bibi yangu, aliyekuwa anakunja vitenge kwa ajili ya safari. "Mwanangu, alikukuta na kosa gani?"

Nilimwangalia anisaidie. Neno moja lake lilitosha, wote wangecheka na kukaa. Yeye akaendelea kukunja.

"Shangazi, muulize yeye. Yeye njo alipanga."

Hakuwa anacheka. Nikaelewa kama naye anangoja jibu, pamoja nao. Ningesema ni biashara, kama ninavyosema kila mara, yeye na vitenge vyake wangepanda gari ya maziwa, bila mimi.

"Simurudishi," nikasema. "Nataka kutembea naye."

"Kutembea mpaka wapi?" akauliza papa mukwe.

"Kuzunguka ziwa."

"Kuna nini kule?"

"Hakuna kitu."

"Ng'ombe imepotea?"

"Hapana, papa. Nataka tu kukaa na bibi yangu. Tuangalie maji."

Niliwahi kupakua lori la mafuta peke yangu, lakini sentensi ile ilikuwa nzito zaidi. Shemeji akafunika kinywa kwa kofia. Shangazi akavuta kiti, akakaa. "Kaka, huyu hana ubaya," akasema. "Ni mugonjwa tu."

Papa mukwe naye akakaa, akafungua Fanta, akahukumu. Ng'ombe zilizofungwa kwa aibu hazirudi kundini hivi hivi. Nitapanda, nitaingia kwa heshima, na mbuzi na bia, nitakula mbele ya majirani wote waliokwisha kusikia habari. Hapo njo watazifungulia.

Nilikula. Majirani wa Kirolirwe ni wengi kuliko nilivyojua, na wote wanapenda mbuzi. Jua lilipoinama nikatangaza kama safari yetu imekwisha vizuri, turudi nyumbani. Bibi yangu aliingia ndani ya jipu, akafunga mulango, akaangalia upande wa milima.

Tukaenda ziwani. Kwa kila bariere ya barabarani askari waliangalia matela kwanza, kisha mimi, kisha wakanitoza. Kulikuwa na ukungu. Ile ziwa yenyewe ilikuwa maji, kama kila maji. Yeye akavua viatu, akaingia mpaka magoti, akanishika mukono ili asiteleze, na hakuuachilia hata baada ya kutoka.

Hesabu ya safari, mafuta ya mazutu, matela, mbuzi, bia na bariere: dolare mia ine na makumi mbili na moja.