Kesi Zilizopandishwa Kilimani

Juzijuzi dereva wangu alitoka Likasi na mfuko wa bowa, uyoga ule mkubwa ambao akina mama huuza kando ya barabara baada ya mvua za kwanza. Akausahau nyuma ya gari, chini ya gurudumu la akiba. Gari lenyewe si langu, ni la kampuni. Lilishinda juani hapa Lubumbashi, na asubuhi nilipofungua mlango harufu ilinipiga usoni: udongo mbichi, majani yaliyooza, na soksi za mtoto aliyecheza mpira kutwa. Nilitaka kugomba. Badala yake nikasimama pale na viatu vyangu vya visigino virefu nikimkumbuka Papa, na hasira ikazidi, kwa sababu mtu yule hata akiwa kaburini bado anajua kuniharibia asubuhi.

Papa alikuwa wakili kule Likasi, na mtaa mzima ulimwita Maître. Siku za kazi alivaa toga nyeusi na kusema mpaka mahakama ikanyamaza. Siku ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi kwetu, alivaa buti za mpira na kofia iliyotafunwa na panya, akatutoa kitandani jua halijachomoza. Watoto wa mawakili wengine walilala wakashiba usingizi. Sisi tulipanda kilima kilicho upande wa njia ya Kambove, Papa mbele akinusa hewa, Mama na kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha, mimi na kaka yangu Déo nyuma tukiburuta miguu. Mteja akija getini siku hiyo, Papa hakumfukuza, alimwambia tu atembee naye. Nimewaona mabwana wazima wakipanda na viatu vya kung'aa, wanahema, wanaeleza habari za talaka zao huku suruali zimenasa kwenye miiba.

Kutembea tu ningevumilia. Lakini kesi zote za nyumbani nazo zilisikilizwa huko huko! Ugomvi ukizuka wakati wa chakula, Papa aliinua kijiko.

"Ku meza tunakula," alisema. "Kesi njo ya posho, mu njia."

Kanuni yake haikubadilika. Kutoka getini mpaka kwenye daraja la miti, mwenye malalamiko alitangulia akasema yote, na hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza. Kutoka darajani mpaka kwenye kichuguu kikubwa, mshtakiwa alijibu. Kutoka kichuguuni mpaka juu, hakuna aliyeigusa kesi tena. Tuliruhusiwa kuonyeshana uyoga tu. Juu kabisa, Papa alikaa kwenye jiwe akatoa hukumu. Hebu niambieni, ni maisha gani hayo? Déo amevunja redio yangu Jumatatu, nami ningoje Jumamosi nipande mlima ndipo nimshtaki! Nikifika juu nimechoka, redio sina habari nayo, ninachotaka ni maji.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili kampuni moja ya Lubumbashi ilipomtaka Papa akaifanyie kazi. Nyumba ilikuwepo, gari na dereva pia, na umeme usiokatika. Mama alizaliwa Lubumbashi na dada yake bado alikuwa huko. Wiki ile alipika akiimba, na nilimkuta akipima mapazia yetu kwa mkono, kana kwamba tayari anayaona kwenye madirisha mengine. Mimi nilikuwa nimeshawaaga nusu ya darasa. Kisha, jioni moja, Papa akiwa anatoa miiba kwenye samaki wake, akasema amekataa. Alisema hivyo kama mtu anayekataa chumvi.

Nikalipuka. "Papa, weye iko avocat ya bantu bote, ya batoto bako hapana!"

Kijiko kikapanda. Lakini safari hii Papa alikiacha hewani kidogo, maana mshtakiwa alikuwa yeye mwenyewe, na mshtakiwa hawezi kujihukumu. Akamgeukia Mama. "Basi weye njo juge," akamwambia.

Nilicheka ndani ya sahani yangu. Hakimu mwenyewe alikuwa amekwisha kupima mapazia. Kesi nilikuwa nimeishinda kabla ya kuvaa viatu.

Jumamosi ile nilisema, jamani! Nilisema habari za giza letu kila jioni, za mishumaa inayonichoma nyusi nikisoma, za Mama kukaa mbali na dada yake, za miguu yangu. Nilimwiga Papa mwenyewe, nikatupa mkono kama aliyevaa toga. Déo akapiga makofi, jambo lisiloruhusiwa. Tulipovuka daraja nilikuwa nang'aa.

Zamu ya Papa ikafika. Mtu aliyetisha mawakili wa mji mzima alitembea muda mrefu bila kusema.

"Ile kazi njo ya siku yote, na posho pia," akasema hatimaye. "Mutakuwa na courant ya taa, mutakuwa na motokari. Lakini minye…"

Akainama, akang'oa uyoga, akaunusa, akaurudisha chini. Tukafika kichuguuni na hakuwa ameongeza neno. Nilimwonea hata haya.

Juu, Mama alikaa kwenye jiwe la hukumu na kufunua kikapu. Alitazama upande wa Lubumbashi, ambako hakuna kinachoonekana ila miti.

"Tunabakia," akasema.

"Juu ya nini?" nikapiga kelele, nikitaka sababu.

"Kula kilazi."

Akanipa kiazi, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu nzima. Nililia kuteremka kilima chote, na kwa miezi nilimwona Papa mbinafsi na Mama mwoga. Posho iliyofuata tukapanda tena. Na iliyofuata.

Ni kwenye matanga ya Papa nilipomwuliza Mama tena. Alikuwa amechoka kulia, akanijibu bila kunitazama. "Papa yako, kama anajua atashinda, anasemaka mingi. Ile siku alinyamaza. Nikaona muntu anaogopa kutukosa."

Mimi nilidhani hana hoja. Kumbe hoja zake zilikuwa nyuma yake njia nzima, zinalalamika kuhusu viatu.

Kazi ile ninayo mimi sasa, au pacha wake. Nina nyumba, dereva, na umeme unaokatika kama kwingine kote, walinidanganya. Asubuhi ile ya bowa binti yangu Keren, mwenye miaka kumi, aliniona nimesimama na mfuko uliooza mkononi, akauliza nina nini. Nikamsimulia njiani kwenda shule: kijiko, daraja, kichuguu. Simu ililia mara kadhaa katikati, nikaipokea kila mara. Tulipofika alikaa na mkoba wake magotini, hashuki.

"Mama, minye pia iko na kesi."

"Sema basi, haraka."

"Hapana," akasema. "Posho, mu njia."

Jumamosi nilikuwa na mkutano. Niliufuta huku nikilaani, na tukaenda Likasi. Mama yangu hapandi tena kilima; alikuwa kwenye kiti chake getini, tayari na viazi.

"Kesi ya nani leo?" akauliza.

Keren akamwinulia bibi yake kidole. "Yangu, Kambo. Ninashitaki Mama."

Mama akanitazama, akanyoosha mkono, nikampa simu yangu. Keren akatangulia, akaanza kusema, na hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza. Mimi nikafuata nyuma nikitafuta cha kujibu, na daraja likawa karibu zaidi kuliko nilivyolikumbuka.