Bango la Figo na Shati la Bwana Harusi

Nina chumba cha kuchapia mjini Kasese, kwenye barabara ya kupandia Bulembia. Humo, kwa miaka mingi, nimetengeneza kadi za harusi, mabango ya wagombea walioshinda na walioshindwa, na fulana zenye picha za marehemu. Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuniita mshirika, mpaka walipokuja watu wa figo.

Walitoka Kampala kwa gari jeupe lenye antena ndefu. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mpole, afisa wa uhamasishaji, aliyeanza kila sentensi kwa maneno "sisi tunahisi". Walitaka mabango ya kuwahimiza watu wa huku wawe tayari kumpa mgonjwa figo moja. Bango lenyewe lilikuwa limeshabuniwa huko kwao. Kazi yangu, alisema, ni kulisafisha kidogo na kuangalia Kiswahili cha mpakani.

Nililifungua kwenye kompyuta. Daktari amevaa barakoa na glavu, ameinua mkono, na taa kali nyuma ya kichwa chake. Juu yake herufi nyekundu: TOA FIGO LEO.

"Madamu," nikamwambia, "hili neno 'toa' lina mambo mawili. Kuna kutoa kwa maana ya kumpa mtu, na kuna kutoa kwa maana ya kung'oa."

"Sisi tunahisi muktadha utasaidia," akajibu.

Basi tukaenda Bwera, mpakani na Kongo, siku ya soko ili muktadha usaidie. Tulimwonyesha mama mmoja wa Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akifunga mzigo wa samaki wa chumvi kutoka Hamukungu. Alisoma polepole, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akarudi nyuma kidogo.

"Huyu mutu iko docteur ao iko muizi?"

"Ni daktari, mama."

"Sasa juu ya nini anafunika sura? Kule kwetu, mutu mwenye kufunika sura akikuambia toa, unatoa. Haumuulize juu ya nini."

Alirudi kwa samaki wake. Madamu akaandika kwenye simu yake, nami nikachungulia. Aliandika kwamba ujumbe umeeleweka.

Kampala walituma bango la pili, safari hii lenye figo ya katuni: ina macho, inatabasamu, imevaa viatu. Nalo tukalipeleka Bwera. Mzee mmoja alilitazama kwa furaha, akauliza maharagwe hayo ya msaada yataanza kugawiwa lini.

Hapo ndipo nilipowataja ndugu wawili ninaowafahamu. Dada anauza vitenge Bwera. Kaka yake ni dereva wa Fuso, anabeba kahawa na saruji. Figo za dada zilipokufa, alikuwa akienda Mbarara kusafishwa damu, akirudi amekunjika kama nguo iliyokamuliwa. Ukoo ukachanga, msikiti ukachanga, wakapelekwa nje ya nchi, kaka akampa figo yake moja. Wote wawili wako hai na wanagombana kila siku. Nilimwuliza madamu kwa nini tuhangaike na katuni wakati watu wenyewe wapo.

Walikuja Kasese, nikawaketisha kwenye benchi mbele ya pazia. Dada alirekebisha mtandio wake, akatazama kamera kama anayetazama mteja anayeomba kupunguziwa. Kaka akainua shati. Kovu lilikuwa refu, linaanzia ubavuni na kuja mbele.

"Shusha shati," dada akasema. "Watu watadhani unauza kitu."

"Bila hili mimi ni mwanamume tu aliyekaa na dada yake," akajibu, na shati akaliacha juu.

Kati ya picha zote nilizowahi kupiga, ile naipenda. Niliweka maneno machache chini yake: Nilimpa dada yangu figo. Tuko hapa.

Kisha kamati ikakutana hotelini, kwenye chai na sambusa. Sijui walitoka wapi wote wale. Mmoja alisema kovu linatisha. Mwingine alisema dada hafurahi kiasi cha kutosha kwa mtu aliyepona. Wa tatu akataka milima nyuma yao, na nilipoiweka akauliza kama theluji inaweza kuongezwa. Bwana mmoja mwenye miwani, aliyekuwa kimya hadi sambusa zilipokwisha, alisema maneno yangu ni ya kibinafsi mno. Wakayabadilisha yakawa: Uchangiaji wa Viungo ni Jukumu Letu Sote. Sijakutana na mtu aliyeyasoma hayo akafika mwisho bila kupiga miayo.

Kovu likahukumiwa. Nilitakiwa nimvalishe yule dereva shati la heshima, na shati jeupe nililokuwa nalo kwenye kompyuta lilikuwa la bwana harusi mmoja wa Kisinga. Nikamvika, pamoja na ua dogo kifuani ambalo kamati ililipenda sana. Chini kulikuwa na nafasi ya kuandika hospitali za kwenda kuuliza, lakini nembo za wafadhili ziliongezeka, zikaimeza yote.

Kabla ya kuchapa nilimpigia dereva simu nikamweleza kila kitu, mpaka lile ua.

"Chapa tu," akasema. Nilishangaa alivyokuwa mtulivu.

Mabango yakabandikwa Bwera: sokoni, kituo cha malori, ukutani mwa maduka. Siku chache baadaye madamu alinipigia akiwa na huzuni. Mhuni alikuwa akiharibu mabango. Nikaenda kuangalia.

Mhuni alikuwa dereva mwenyewe. Alikuwa na kalamu nene ya wino, anapita bango kwa bango akichora kovu juu ya shati la bwana harusi, na nyuzi zake kama reli. Pembeni mshale, na neno moja: HAPA. Nilipofika, polisi mmoja alikuwa ameshamsimamisha.

"Wewe. Kwa nini unaharibu picha ya mtu?"

"Ni mimi huyo, afande."

Afande akamtazama yeye, akatazama bango. "Huyu mbona amevaa vizuri?"

"Nimeazimwa shati."

"Inua lako."

Akainua. Afande akainama, akalinganisha kovu na mchoro kwa makini.

"Umelichora refu mno," akasema, akaenda zake.

Watu walikuwa wameshajaa. Wakauliza yale ambayo kamati haikuyauliza. Inauma? Iliuma. Bado unabeba magunia? Sibebi, naendesha. Kitandani je? Dereva akawaambia wamwulize mkewe, na mkewe, aliyekuwa akiuza chapati hapo karibu, akawaambia wanunue kwanza.

Kibandani mwa vitenge dada alikuwa amekasirika. Wanawake walikuja kumtazama tumbo badala ya bidhaa, na mmoja alikuwa ameomba kuigusa hiyo figo. "Nimekuwa maonyesho," akaniambia. "Na wewe ndiye uliyeleta kamera."

Kutoka kwenye lile kundi alibaki mtu mmoja, mfanyabiashara wa kahawa wa Butembo, huko Kongo. Alilikagua bango juu mpaka chini, kisha akamgeukia dereva.

"Docteur wa kupima watu iko wapi? Bibi yangu iko mugonjwa ya figo. Hapa naona tu madrapo ya watu."

Madrapo, yaani bendera: alikuwa akizisema zile nembo. Kesho yake dereva alimpandisha kwenye Fuso wakaenda Mbarara. Mfanyabiashara mwenyewe hakufaa kumpa mkewe figo, ana shinikizo la damu ambalo hakulijua. Shemeji yake ndiye anayepimwa sasa, na matokeo hayajatoka. Dereva humpigia mfanyabiashara huyo simu kila Ijumaa akitoka msikitini.

Madamu aliniomba picha ya bango lililobandikwa, safi, kwa ajili ya ripoti. Bwera nzima halikubaki hata moja safi, nikamtumia picha ya bango lenye kovu. Akanijibu kwa WhatsApp kwamba wao wanahisi jamii imeanza kushiriki.