Gari la Mjomba Lisilotaka Kukauka

Nachingwea nzima ina gari moja tu linalovaa nguo, na ni la mjomba wangu. Magari mengine yana paa la chuma. La kwetu lina paa la turubai jeusi. Unabonyeza kitufe, paa linajikunja polepole na kujificha nyuma ya siti, na wewe unabaki umekaa peupe kama mgombea udiwani. Kitufe chenyewe hufanya kazi kikijisikia. Kisipojisikia lazima mtu asukume, na mtu huyo ni mimi.

Mjomba ni dereva wa lori la korosho. Gari hilo alilinunua Dar es Salaam kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, akaja nalo huku paa likiwa wazi njia nzima, akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Bibi, yaani mama yake, alilizunguka mara moja, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, hela iliishia kwenye milango?"

"Mama, haya ndiyo ya kisasa."

"Ya kisasa yanafunikwa na turubai la kuanikia korosho."

Tangu siku hiyo mtaa unaliita Chandarua. Jina nililitoa mimi, ila mtaa ndio ulioliona linafaa.

Tungeishi hivyohivyo kwa amani kama dada yangu asingepata mchumba wa Ruangwa. Sasa kwetu Wamwera, mjomba siyo mtu wa kuja kula pilau na kuondoka. Watoto wa dada yake ni wake. Ndiye aliyekaa mkekani kuwajibu washenga, na ndiye anayetakiwa kumfikisha binti kwa mumewe na kumkabidhi kwa mkono wake. Upande wa bwana harusi, kwa nia njema kabisa, wakaleta salamu kwamba watatuma kigari cheupe chenye kiyoyozi kije kumchukua bibi harusi, kwa sababu habari za Chandarua zilikuwa zimeshafika Ruangwa.

Mjomba alichukia kimyakimya. Alikunywa chai yote bila sukari na hakugundua.

"Mpwa wangu apakiwe kwenye gari la watu," akasema, "mimi niwafuate na basi kama gunia la mihogo. Nikifika nikabidhi nini? Tiketi?"

Dada anampenda mjomba kuliko kiyoyozi. Lakini alikuwa na gauni jeupe ndani ya mfuko wa nailoni, na alikuwa na kumbukumbu. Mara ya mwisho kupanda Chandarua siku ya mvua alishuka kichwa kikavu na sketi imelowa chapachapa, mpaka wapangaji wa jirani wakamwangalia vibaya. Kwa hiyo akaweka sharti.

"Mjomba, napanda gari lako. Ila Alhamisi jioni nakuja kugusa siti ya nyuma. Nikikuta unyevu, napanda la kwao na usininunie."

Harusi ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa likizo ya Desemba, mvua zimeshaanza, na mjomba alikuwa na siku chache za kulikausha gari ambalo hajui linalowa kutokea wapi.

Yeye alikuwa na uhakika ni mishono. Akamleta fundi viatu wa sokoni, akashona upya paa lote kwa uzi wa mabegi. Mvua ikanyesha, siti ikalowa. Akamleta fundi baiskeli, akabandika viraka vya tyubu kila palipoonekana pamechoka, paa likawa kama mpira wa watoto. Siti ikalowa. Ndipo mtu akamwambia turubai hupakwa nta. Mjomba akaifuata nta ya nyuki kwa warina asali wa huko Narung'ombe, akaiyeyusha kwenye sufuria, akalipaka paa kwa brashi ya kupakia chokaa. Likang'aa kweli. Kesho yake asubuhi nyuki wakaja kulikagua. Walikuwa wengi, na walionekana kuwa na maswali. Hatukutoka nje mpaka walipokata tamaa.

Siti ikalowa.

Kazi yangu katika yote hayo ilikuwa kukaa ndani, vioo vimefungwa, huku mjomba amesimama juu ya kigoda anamwaga ndoo ya maji, ili niseme yanapoingilia.

"Unaona nini?"

"Giza."

"Maji, maji unayaona?"

"Bado. Naona samaki."

Nikichoka nilikuwa naigiza. Nilipiga kelele kwamba yananimwagikia utosini, mjomba akashuka mbio na gundi, akabandika kiraka mahali palipokuwa pazima kama siku lilipotoka kiwandani. Kile kiraka bado kipo. Nikikiona nacheka.

Halafu nikaanza kufanya kazi kweli, kwa sababu nilichoka kulowa. Nilisaga chaki niliyobaki nayo mfukoni tangu kufunga shule, nikaipaka kwenye mipira yote inayokutana na vioo, nikafunga milango, nikafungua. Kioo chote kilikuwa kimechorwa mstari mweupe, hakuna hata mahali ulipokatika. Maana yake mipira inabana kila pahali. Nikaangalia paa kwa ndani. Kavu. Nikapitisha kiganja. Kavu. Nikamweleza mjomba kwamba juu hakuna tatizo, maji yanatokea nyuma chini.

"Maji yanatoka mbinguni yanaanzia chini?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na samaki wako wanapitia wapi?"

Ndiyo hasara ya kuwa mimi. Nikasema basi aingie mwenyewe, lakini mjomba ana kitambi cha udereva, nyuma ya Chandarua haingii mpaka akatwe vipande viwili. Dada naye alikuwa amefungiwa ndani anasuguliwa liwa. Ikabidi nimwite bibi. Mjomba humwamini bibi kwa sababu moja: hajawahi kukisifia kitu chochote, kwa hiyo hana sababu ya kuongopa.

Bibi aliingia kwa kupiga magoti, akakaa, akajifunga kanga kichwani, akatulia kama anasubiri daktari. Mjomba akamwaga ndoo. Bibi akainua mkono, akalipapasa paa kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Huku juu pakavu."

Mjomba akamwaga nyingine. Bibi akajiinua upande mmoja.

"Mke mwenza," bibi akaniita. Ananiita hivyo tangu nizaliwe, tunamgombania babu. "Umeniwekea nini hapa chini?"

"Sijaweka kitu."

"Basi makalio yangu yananawa yenyewe."

Mjomba akaweka ndoo chini. Akabonyeza kitufe, kitufe kikakataa, nikasukuma. Paa lilipofika nusu, tukaona nyuma ya siti, pale turubai linapojikunja, mfereji mwembamba ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuangalia. Ulikuwa umejaa tope jeusi, majani, na maua makavu ya mkorosho. Katikati ya tope, mnyoofu kabisa, ulikuwa umeota mche wa mkorosho wenye majani mawili, na ganda la korosho bado limeukaa kichwani kama kofia.

Bibi akachungulia, akasema, "Mwanangu una shamba humu."

Ndipo akili ikatujia. Maji yanayoanguka kwenye paa la turubai hayatakiwi kuzuiwa, yanatakiwa yateremke nyuma, yaingie kwenye ule mfereji, kisha yashuke kwa bomba la mpira lililo kila upande mpaka nyuma ya tairi. Mfereji wetu ulikuwa umeziba, kwa hiyo maji yakifika hapo yalikosa njia, yakafurika, yakajimwaga kwenye siti ya bibi harusi. Na uliziba kwa heshima. Tangu gari lifike, mjomba aliliegesha chini ya mkorosho mkubwa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli bora kuliko vyote uani, ili jua lisichujue turubai. Bibi aliondolewa pale na mkeka wake, kuku wakafukuzwa. Mkorosho ukachanua, ukapukutisha, ukazaa, ukadondosha. Gari likapokea vyote.

Tulichota tope kwa kijiko, na bibi hajaambiwa ni kijiko gani. Mjomba akachomoa waya wa breki ya baiskeli yangu, akauingiza kwenye mpira, akasukuma na kuvuta. Gari likakohoa. Likakohoa tena, halafu nyuma ya tairi yakatoka maji ya rangi ya chai, na maua, na siafu waliokasirika. Upande wa pili vilevile. Tukamwaga ndoo nzima juu, na mjomba akalala kifudifudi mchangani kuangalia maji yanavyotokea chini.

"Linakojoa," nikasema.

"Linakojoa vizuri," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

Ikabaki kukausha. Jua lilikuwa la kubahatisha, kwa hiyo bibi akawasha pasi ya mkaa, akatandika kanga juu ya siti, akapiga pasi siti ya gari. Wapita njia walisimama. Bibi akawaambia waendelee na safari zao.

Alhamisi jioni dada akatoka, mikono imejaa hina mbichi ameinyoosha mbele kama mtu anayetembea usingizini. Hawezi kugusa kitu. Mjomba alikuwa amemwagia gari ndoo nyingine palepale mbele yake, kwa kujiamini. Dada akainama, akalaza shavu kwenye siti. Akalihamisha, akalaza tena. Mjomba akaikumbatia ndoo tupu.

"Pakavu," dada akasema. "Ila pananukia nta. Nyuki watanifuata."

"Watakusindikiza," nikasema.

Ijumaa ndoa ikafungwa nyumbani. Bwana harusi akatangulia Ruangwa na kigari chake cheupe, akiwa peke yake na kiyoyozi chake. Sisi tukafuata. Nyuma dada na bibi, mbele mimi na mjomba, na mche wa mkorosho kwenye kopo la rangi katikati ya miguu yangu, kwa sababu bibi alikataa usitupwe. Alisema umeshapanda nyuma siku zote hizo, wacha upande na mbele ya gari.

Tulipotoka mjini tu mvua ikashuka, siyo ya mchezo. Wapa za kioo cha mbele zilikuwa zinapiga mbio na hazioni kitu. Mjomba aliendesha kwa macho mbele na masikio nyuma.

"Huko nyuma?"

"Pakavu, mjomba."

Mwendo kidogo. "Na sasa?"

"Pakavu."

Nikafungua mdomo. Dada akaniwahi. "Ukisema samaki nakushusha hapahapa."

Karibu na Ruangwa mvua ikakata, jua likatoka. Dada akamgusa mjomba begani. "Lifunue paa. Nataka wanione umenileta wewe."

Mjomba akabonyeza kitufe. Siku hiyo kilijisikia. Tukaingia kwa wakwe paa limefunuka, honi inalia, dada mweupe pee, mjomba amenyoosha shingo kama twiga. Sasa kule kwa wakwe ni watani wetu, na utani hauna likizo. Shangazi wa bwana harusi alikuwa anatusubiri getini na beseni la maji. "Bibi harusi wa Chandarua," akaita, "koga kwanza tukuone." Beseni zima likatua ndani ya gari. Dada, bibi, mimi, mkorosho, sote.

Dada akafuta uso. Akamtazama mjomba.

"Mjomba, haya hayakupitia kwenye paa."

"Hayakupitia." Mjomba alikuwa ameshashuka. Akamshika mkono unaochuruzika, akamfikisha kwa bwana harusi, akauweka mkononi mwake. "Nimemleta mkavu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Mmemlowesha wenyewe, na shahidi ni mama yangu. Asije mtu kuniuliza."

Vigelegele vikapigwa. Bibi akatoka na kopo la rangi, akalikabidhi kwa yule shangazi. "Kwa kuwa una maji mengi, mwagilia na huu."

Wakwe wakamwonyesha mjomba pa kuegesha, kivuli kizuri cha mkorosho, pale wanapoegesha wageni wa heshima. Mjomba akatazama juu, kwenye matawi. Akasema asante sana, akaenda kuliegesha katikati ya uwanja, kwenye jua kali. Nikasikia mtu ananong'ona kwamba mjomba wa bibi harusi ana maringo. Halafu kitufe kikagoma, na mjomba akaniita nije nisukume.